Amelala kwa Jina Gani?

Ni mimi niliyeliandika jina la mdogo wangu. Kwa miaka mingi nilisema si mimi. Nilikana mbele ya baba mkubwa wetu, nikakana mbele ya padri, nikakana mbele ya wanawake wa kikundi changu cha akiba, ambao walinisikiliza huku wakitikisa vichwa kwa huruma. Niliwaambia kuwa ni Papa wa duka, yule mzee wa dukani kwetu. Nilisema hivyo mara nyingi mpaka uongo ukaota maelezo yake wenyewe: vidole vyake vinene, haraka yake siku ya soko, miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Uongo wa mtu aliyesoma chuo kikuu haukosi maelezo.

Nianze na karatasi, maana mimi kila kitu changu huanzia kwenye karatasi.

Kabla vita havijarudi (vita vya kwetu havianzi, hurudi tu), mradi mmoja ulikuja kwetu Masisi kutufundisha kulipa fakture, yaani bili zetu, kwa telefone. Karo ya shule, maji ya bomba, matibabu, vyote ungevilipa ukiwa umeketi nyumbani, bila foleni, bila mtu wa katikati. Mimi nilipewa kazi ya kutafsiri karatasi ya maelezo kutoka Kifaransa. Nilikuwa na shahada ya sosholojia na mshahara wa mwalimu wa sekondari, yaani nilikuwa na shahada. Kazi ile niliipokea kana kwamba nimeombwa kutafsiri Injili. Nikaandika kwa Kiswahili safi cha vitabuni. “Mteja mpendwa, bonyeza kitufe.” Masisi nzima hakuna mtu aliyewahi kuitwa mteja mpendwa, na vitufe tulivyovijua ni vya simu zilizochoka, vilivyofutika namba.

Tulikutana na akina mama katika ukumbi wa parokia. Nikawasomea karatasi yangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya darasani. Nilipomaliza, mama mmoja muuza ndizi akainua mkono.

“Mama mwalimu, hii Kiswahili yako, tutaikula na sombe ao na maharagi?”

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, huku nimeumia.

Akaendelea: “Na sasa kama Papa wa duka hayuko katikati, nani atatuuliza?”

“Atawauliza nini?”

“Maswali.”

“Mashini haiulizi maswali mengi, Mama,” nikamjibu. “Njo uzuri wake.”

Nilifurahi sana kwa kusema “njo” kama wao, hata nikairudia sentensi ile mara mbili.

Papa wa duka tuliyekuwa tunamzungumzia alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, Mkatoliki wa kwenda misa kila alfajiri. Rozari yake ilining’inia kwenye mzani, na wateja waovu walisema inaongeza uzito. Aliuza chumvi, misumari, sabuni, madaftari, na pembeni ya kaunta aliweka meza ya kushughulikia pesa za telefone. Mtu alimpa simu yake, naye akabonyeza kila kitu. Akina mama walimtajia namba zao za siri kwa sauti, juu ya vichwa vya foleni: “Papa, kode ni ile mwaka kifungua mimba wangu alizaliwa!” Na yeye alikuwa anakumbuka huo mwaka.

Foleni yake ilikuwa ndefu, lakini kilichoirefusha si watu, ni maswali.

“Unalipia nani, dada?”

“Mugonjwa.”

“Mugonjwa wa nani? Anaumwa nini?”

“Papa, hii ni duka ao ni konfesio ya padri?”

“Konfesio iko bure. Hapa unalipa.” Kisha, kidole kikiwa tayari juu ya simu: “Na amelala kwa jina gani?”

Hilo aliliuliza kila mtu aliyelipia hospitali. Msomaji wa mbali huenda akalishangaa. Kwetu, wakati ule, jina lilikuwa linasema umetoka kilima gani, na kilima kikasema uko upande wa nani, hata kama wewe mwenyewe ulikuwa upande wa maharagi yako tu. Kwa hiyo watu wengi walilazwa kwa majina ya kuazima: la shemeji, la jirani, la bwana shamba. Papa wa duka alikuwa amesafiri na mizigo yake miaka mingi katika barabara ambazo watu husimamishwa na kadi zao kusomwa. Alijua. “Mashini haijui kudanganya,” alikuwa akisema. “Lazima uisaidie.”

Mimi maswali hayo yalinikera. Sikupenda muuza chumvi ajue ndugu zangu wangapi ni wagonjwa na nimechelewa siku ngapi kulipa karo. Niliita hiyo heshima ya maisha ya faragha. Neno zuri; nalo nililitafsiri kwenye karatasi.

Sasa mdogo wangu. Mama yetu alifariki yeye akiwa na miaka sita, baba hatukuwa naye, basi nikamlea mimi. Mimi ndiye niliyempeleka kuandikishwa shule. Niliandika jina lake lote: la ukoo, la babu, na la ubatizo mwishoni, kwa herufi kubwa. Niliandika vivyo hivyo kwenye kila daftari, kwenye kola ya shati, chini ya sahani yake. Niliogopa apotee, nadhani. Mtoto mwenye jina refu namna ile nilidhani hawezi kupotea. Yeye alikuwa akicheka: “Dada, jina yangu ni murefu kuliko miye.”

Alikua, akakataa vitabu, akanunua pikipiki. Alikuwa akibeba maharagi kutoka Kingi kuyashusha Walikale, na kurudi na mafuta ya mawese. Nilimwambia nilitaka awe injinia. Akanijibu kuwa pikipiki yake huharibika kila siku naye huitengeneza kila siku, kwa hiyo ni injinia, bila kravati tu.

Vita viliporudi, vilikata barabara nyuma yake. Yeye alikuwa Walikale, mimi Masisi, na katikati kulikuwa na kila kitu. Wiki nzima simu yake haikupatikana. Kisha mchana mmoja, nikiwa nasahihisha madaftari, namba nisiyoijua ikaniita.

“Wewe njo dada ya huyu mutoto wa pikipiki?” Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima.

“Ndiyo. Ni nani mwenzangu?”

“Mama yake.”

“Mama yetu alikufa, Mama.”

“Basi miye njo ule wa pili.”

Alikuwa mkulima wa msituni, mke wa mwindaji. Alikuwa akienda kuvuna mihogo akamkuta mdogo wangu chini ya pikipiki karibu na daraja la miti, mguu umevunjika. Yeye na wanawe walimbeba kwa machela hadi kituo cha afya kilichokuwa bado kinafanya kazi. Na katika nyumba yake, alinieleza kwa utulivu, bila haraka kana kwamba simu haikuwa inakula pesa ya unité zake, mtu aliyeokotwa msituni huwa amezaliwa. Aliyemuokota ni mama yake, na mama humpa mtoto jina.

“Nimemupa jina ya mutoto wangu alikufaka,” akasema, akanitajia. “Kwa kaye ya kituo, ile daftari ya wagonjwa, waliandika ile. Kila mutu huku anajua ile ni mutoto wangu. Usimuite ingine. Unasikia?”

“Ninasikia, Mama.”

“Rudilia.”

Nikalirudia jina, kama mwanafunzi. Kisha akampa mdogo wangu simu.

“Dada,” akasema, na nilisikia maumivu na kicheko vimekaa pamoja katika koo lake, “nimezaliwa mara ya pili. Safari hii sikutanguliza kichwa, nilitanguliza mguu.”

“Wanakuangalia vizuri?”

“Mama mupya anapika sombe kukupita wewe. Usikasirike. Lipa fakture waniachilie, halafu nitabaki kwake mupaka barabara ifunguke.”

Kwetu mgonjwa hatoki kabla ya kulipa. Si ubaya wa kituo kimoja. Ni kawaida ya kila mahali, dawa lazima inunuliwe tena. Nikakopa, nikauza mbuzi wangu mmoja, na siku ya soko nikaenda kwa Papa wa duka aniwekee pesa kwenye telefone. Watu walikuwa wamefika hadi barabarani. Alichukua simu yangu, akaweka pesa, na macho yake yakiwa tayari kwa mteja wa nyuma yangu akauliza: “Nilipe? Unalipia nani?”

“Weka tu, Papa,” nikasema, nikaichukua simu yangu.

Nilikwenda nyuma ya duka, chini ya ukingo wa paa, mvua ikiwa inaanza. Nilifuata karatasi yangu mwenyewe, hatua kwa hatua. Lipa fakture. Chagua kituo. Andika kiasi. Kisha mashini ikaandika: Jina la mgonjwa. Haikuuliza zaidi ya hapo.

Nikaanza kuliandika lile jina nililofundishwa. Herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo kidole changu kikagoma. Lilikuwa jina la marehemu. Mimi, ambaye darasani nilikuwa nawaambia wanafunzi kuwa ushirikina ni hofu iliyokosa elimu, sikuweza kumvika mdogo wangu aliye hai jina la maiti, tena kwa mkono wangu. Niliona kama namwandikia kaburi. Nikafuta herufi tatu. Nikaandika jina lake lote: la ukoo, la babu, la ubatizo. Nilikagua kama halina kosa. Halikuwa na kosa. Nikathibitisha, na ujumbe ukaja kunishukuru.

Nilirudi nyumbani nimelowa na nina furaha. Nilijiona mwanamke wa kisasa: sikumuomba mtu, sikuulizwa kitu.

Siku mbili rezo ya simu ilikufa kabisa, kama ilivyokuwa kila mapigano yakisogea. Siku ya tatu kijana mmoja wa kubeba mawese alifika kwa mguu, akatuambia alichosikia njiani. Malipo yalipoingia kituoni, jina lisilojulikana liliitwa uwanjani. Baada ya hapo kitanda cha mdogo wangu kilikuwa kitupu. Wengine walisema alikimbia na fimbo yake hadi msituni kwa yule mama. Wengine walisema alichukuliwa. Simu ya yule mama haikuita tena.

Tulikusanyika kwa baba mkubwa, kule Kingi. Aliuliza swali moja tu, akiangalia mikono yake: “Jina nani aliandika?”

Wote walinigeukia. Nilisikia mdomo wangu ukijibu kabla yangu.

“Papa wa duka. Yeye ndiye aliyeshika simu.”

Ilikuwa kweli kwamba aliishika. Nilijificha ndani ya hicho kipande cha ukweli kama mtu anayejikinga mvua kwa jani la mgomba.

Daftari lake, alimokuwa akiandika kila malipo, lingenikana mara moja. Lakini wiki ile ile duka lilivunjwa na kuporwa, na daftari likaenda na misumari na sabuni. Aliposikia ninayosema, alikuja kwangu kwa mguu, amevaa koti lake la misa. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakuketi.

“Dada,” akasema, “nimefikiri sana. Nakumbuka nilishika telefone yako. Sikumbuke niliandika nini. Kulikuwa watu wengi.” Akavua miwani yake ya uzi, akaifuta, akairudisha. “Labda ni miye.”

Ningeweza kumwambia palepale. Alisimama mlangoni kwangu muda wa kutosha. Nikamwambia: “Mungu ndiye anajua, Papa.” Hiyo ndiyo sentensi ninayoionea aibu kuliko zote nilizowahi kuandika au kusema, na nimeandika nyingi mbaya.

Alifungua duka tena. Lakini hakuandika jina la mtu tena. Mtu akileta simu, alimwekea pesa, kisha akamrudishia mikononi: “Andika mwenyewe.” Na lile swali lake hakuliuliza tena. Akina mama walilalamika, wakabembeleza, wakamtukana kidogo. Alibaki na hilo moja: “Andika mwenyewe, Mama.” Basi wakajifunza. Waliwauliza watoto wao, wakaulizana sokoni, wakakosea, wakarudia. Mwaka haukuisha kabla Masisi nzima haijajua kulipa karo na maji bila mtu wa katikati. Watu wa mradi walirudi, wakashangaa, wakaisifu karatasi yangu. Nilipigwa picha nimeishika.

Mimi peke yangu ndiye niliyeacha. Kulipa maji nilitembea hadi ofisini na noti mkononi. Karo za watoto wa dada yetu mwingine nilizipeleka shuleni kwa mguu, tope hadi magotini. Muuza ndizi aliponikuta njiani alikuwa akipaza sauti:

“Mama mwalimu! Ungali unatembea na makuta mukononi? Kuya nikufundishe. Bonyeza kitufe, muteja mupendwa!”

Na miaka yote hiyo nilitumaini. Uongo wangu ulikuwa na mlango mmoja: kama mdogo wangu alikimbia, basi jina halikumfanya kitu, na kama jina halikumfanya kitu, haijalishi nani aliliandika. Nilimwona msituni, ameoa, anachechemea, anatengeneza pikipiki za watu. Nilimzeesha polepole, mwaka kwa mwaka, kama mtu anayemshonea nguo mtoto aliye mbali kwa kukisia kimo.

Asubuhi moja nilikuwa kwa Papa wa duka nanunua chumvi. Tulikuwa wawili tu. Simu yangu iliita, namba nisiyoijua. Simu hiyo ilikuwa imeharibika sikio, haikusikika mpaka uiweke kwenye sauti kubwa. Nikaiweka juu ya kaunta, kando ya mzani.

“Mama, miye nilikuwaka nashika kaye ya malipo kwa kituo, Walikale.” Sauti ya mwanamke, taratibu. “Nilitunza namba yako. Yule mama yake wa pili alikufa mwezi uliopita. Alinikataza nikuambie wakati yeye mwenyewe angali muzima. Alisema acha dada abaki na ndugu yake. Sasa alipokuwa anakwenda alisema, mwambie.”

Papa wa duka alisimamisha kijiko cha chumvi hewani.

“Niambie,” nikasema.

“Tulikuwa na kawaida. Fakture ya mutu ikilipwa, natoka kwa kiwanja, naita jina, wagonjwa wote wanamupigia makofi kwa sababu anarudia kwake. Siku ile naliita. Sikujua hiyo jina, haikukuwa kwa kaye. Nikaita tena. Kulikuwa watu wa bunduki, walikuja kufungisha vidonda. Mama yake alimukamata mukono kwa nguvu. Lakini alicheka, Mama. Alikuwa wiki tatu hakusikia jina yake. Aliinua mukono, akasema: ‘Ni miye! Ile ni dada yangu ameandika. Yeye peke yake njo anaandikaka jina yangu yote.’”

Sikumbuki nilishika nini. Nadhani kaunta.

“Na halafu?”

“Halafu wale wa bunduki walimusaidia kusimama. Hawakufika mbali, Mama. Nyuma tu, kwa mihogo. Mama yake alimuchukua, akamuzika kwake, pembeni ya ule mutoto wake wa kwanza.”

Nje mtu alipita akiimbia mbuzi wake.

“Ni miye niliita ile jina,” sauti ikaendelea. “Kila siku najiuliza kama kweli ni dada aliliandika. Si kwa kumuhukumu. Nilitaka tu tukuwe wawili.”

Nilimwona Papa wa duka akiweka kijiko chini. Mdomo wake ulikuwa umeanza kufunguka, na nilijua atakachosema. Alikuwa amekitunza miaka yote. Nikamtangulia.

“Ni mimi,” nikasema. “Papa, unasikia? Ni mimi. Nilikuwa peke yangu nyuma ya duka lako. Ile jina nyingine nilikuwa naijua.”

Upande wa pili nilisikia pumzi, kisha: “Asante, Mama.”

Papa wa duka hakunitazama. Aliinama juu ya mzani hadi karibu na simu, rozari ikamgusa shavu, na kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka ule akauliza:

“Mama, na huko mumemuzika, amelala kwa jina gani?”

“Ile mama yake alimupa,” ikajibu sauti kutoka Walikale. “Misalaba iko mbili, Papa. Jina ni moja.”